Kupandisha boti nchi kavu na kulilaza miezi sita: mwongozo kamili kwa wenye maboti ya Ziwa Kivu

Kila mwaka mvua za Septemba zikirudi, napokea simu zilezile. "Fundi, nimeshusha boti, linaingiza maji kama kapu." "Fundi, moteri niliiweka ikiwa nzima, leo haiwaki." Nikifika Kituku, Himbi au Kyeshero, kwenye ufuko wa Goma, nakuta jambo lilelile: boti halikuharibikia ziwani. Liliharibikia nchi kavu, likiwa limelala tu, na mwenyewe akiamini linapumzika.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenye boti la mbao au la faiba, la mita 5 hadi 9, lenye moteri ya nje. Wachache wenye maboti ya tanga nimewawekea maneno yao mahali panapowahusu.

Shika mambo matatu, na kila hatua utaielewa: maji yatoke, hewa ipite, uzito ukae juu ya mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba boti zima. Miongozo ya Ulaya imejaa habari za barafu inayopasua moteri. Hapa Goma tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hata usiku wa baridi maji hayagandi. Kinachotuharibia ni mvua, jua kali la mwinuko huu, vumbi la volkano, na panya.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usiguse kamba kabla vitu hivi havijakaa mbele yako. Boti lililoachwa nusu majini nusu ufukweni kwa usiku mmoja, kwa sababu mtu amekimbilia madukani Birere kutafuta kifaa kilichosahauliwa, mawimbi yatalipigiza kwenye mawe mpaka asubuhi.

Vya kuvutia na kulazia
- Magogo 8 hadi 10 ya mkaratusi, ya mviringo, yaliyonyooka, unene wa sentimita 12 hadi 15. Chukudu moja, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, hubeba yote.
- Mbao nne ndefu za kutandika njia.
- Kamba nene ya mita 30 isiyo na kiungo katikati, na palani (puli na kamba za kuvutia mzigo) ikiwa boti ni zito kuliko watu ulio nao.
- Vipande vizito vya mbao ngumu vya kuweka chini ya mkuku, kimoja kwa kila mita moja na nusu ya boti.
- Nguzo 6 za ubavu, kabari za mbao, na vipande vya tairi kuukuu.

Vya kuoshea: ndoo, brashi ya nailoni, sabuni ya unga, siki. Brashi ya waya ibaki nyumbani.

Vya moteri: oili ya gia, washa mbili mpya za skrubu zake, oili ileile unayochanganya na esansi (petroli), grisi isiyoyeyuka majini, spana ya buji (plagi za kuwashia), bidoni safi, mpira wenye pampu ya mkono.

Vya kufunikia: bashi (turubai) isiyo na matobo, mti mmoja mrefu wa mgongo, na mipira iliyokatwa kwenye chemba kuukuu (mipira ya ndani ya tairi) za piki.

Ongeza daftari na kalamu. Utaona kwa nini.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi na mahali

Mwezi mzuri wa kupandisha ni Juni. Mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, ziwa bado liko juu, kwa hiyo umbali wa kuvuta ni mfupi, na mbele yako kuna wiki nyingi kavu za kuoshea na kukaushia. Ukipandisha Oktoba utafunika boti likiwa bado limelowa, na boti lililofunikwa na maji yake huoza kuanzia ndani.

Mahali pawe juu ya alama ya mawimbi makubwa, na pasiwe njia ya maji ya mvua. Goma maji yana njia zake kati ya mawe ya volkano. Waulize majirani yanapita wapi mvua ikinyesha saa mbili. Kivuli cha nyumba au cha paa ni kizuri. Kivuli cha mti ni nusu heri: majani hujaa ndani ya boti, na tawi likianguka halichagui.

Onyo kubwa: mazuku. Usilaze boti ndani ya shimo, bonde dogo, wala ufa wa mawe, hasa ukanda wa pwani kutoka Himbi kwenda Bulengo, Lac Vert na Sake. Hewa ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hukusanyika mahali pa chini, haina harufu, na huzidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu anayejilaza chini ya boti ndani ya shimo anaweza kuzimia kabla hajajua kitu. Ukiona wadudu, mijusi au ndege wamekufa mahali, ondoka. Usipime kwa moto: mshumaa unaoendelea kuwaka hauthibitishi kwamba hewa inakufaa wewe, na karibu na esansi mshumaa wenyewe ni hatari. Wala usichimbe shimo chini ya boti ili upake rangi vizuri. Inua boti, usishushe mtu.

Umefaulu ikiwa: siku moja baada ya mvua kubwa, mahali ulipochagua hapana dimbwi.

## Hatua ya 2: Punguza uzito boti likiwa bado majini

Toa kila kitu: nanga, kamba, makasia, maboya ya kujiokolea, mbao za kukalia zinazofunguka, bidoni, hata lile gunia la mchanga la kusawazishia. Nanga na mnyororo peke yake vinaweza kuwa kilo 20 au 30, na kila kilo utaivuta kwenye jiwe.

Moteri itoke mwisho. Kabla hujaifungua, iache iungurume polepole dakika kumi mpaka ipate moto, kisha chomoa mpira wa esansi na uiache ijizimie yenyewe ikiwa kwenye mwendo wa chini. Usiongeze kasi wakati huu. Moteri inayochanganywa oili na esansi hupata ulainisho wake kutoka kwenye mchanganyiko huohuo, na ikikimbizwa ikiwa na njaa inajikwaruza ndani.

Mwenye tanga alishushe siku isiyo na upepo, alikunjue nyumbani, alioshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, alikaushe kivulini, halafu alikunje kila mwezi kwa mikunjo tofauti ili kitambaa kisikatike pale pale. Mlingoti utoke pia. Ukibaki umesimama juu ya boti lililolazwa, upepo wa mvua huushika na kuzitikisa nguzo zote za chini.

## Hatua ya 3: Vuta

Tandika mbao mbili sambamba kutoka majini hadi mahali pa kulaza, kisha panga magogo juu yake. Sababu ni jiwe letu. Lava ya Goma ina ncha kama chupa iliyovunjika. Buruta ya mita tatu tu inamega rangi yote ya mkuku na kufungua mbao kwa maji.

Funga kamba kwenye sehemu yenye nguvu ya mbele, ile inayoshikana na mkuku. Usiifunge kwenye pete ndogo ya kufungia bandarini, ambayo mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili. Palani ifungwe kwenye mti mzima au mwamba usiotikisika.

Mtu mmoja tu atoe amri. Wawili wahamishe magogo kutoka nyuma kwenda mbele. Waliobaki wavute au washike ubavu lisilale.

Onyo: asisimame mtu kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, mbele wala nyuma. Kamba ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Watoto wa ufukweni, ambao siku zote huja kutazama, wawekwe mbali na mtu anayewaangalia. Na mkono usiingie chini ya gogo linaloviringika; gogo husukumwa kwa kijiti.

## Hatua ya 4: Osha siku hiyohiyo

Boti likitoka majini, uchafu wake bado ni laini. Kesho utakuwa umeshikana kama simenti. Maji ya Kivu yana madini mengi, ndiyo maana mawe na nguzo za ufukweni zina ule ukoko mweupe, na boti hupata ukoko huohuo kwenye mstari wa maji. Anza na brashi na sabuni kuondoa ukijani. Ukoko mweupe uloweshe kwa kitambaa chenye siki dakika 15, kisha usugue. Rudia badala ya kukwangua kwa kisu.

Vumbi la volkano usilifute likiwa kavu. Chembe zake ni kali kama kioo kilichosagwa, na kitambaa kikavu kinazigeuza kuwa msasa. Mwagia maji mengi kwanza, halafu ndipo uguse.

Ndani ya boti pana uchafu unaodharauliwa kuliko wote: mchanganyiko wa matope, magamba ya sambaza, wale samaki wadogo, na oili uliokwama kati ya mataruma, yaani mbavu za ndani za boti. Taruma moja baada ya jingine, safisha yale matundu madogo ya chini yanayopitisha maji kuelekea nyuma. Yakiziba, kila chumba kinabaki na dimbwi lake, na hapo ndipo mbao zinapoanza kulainika. Mimi hupitisha kipande cha waya kwenye kila tundu, sitegemei macho.

Umefaulu ikiwa: ukimwaga ndoo moja mbele kabisa, maji yanafika nyuma bila kusimama njiani.

## Hatua ya 5: Laza boti juu ya mkuku

Hapa ndipo wengi wanapoliua boti. Niliwahi kuitwa kuona boti la faiba la mita 7 lililokaa miezi minane juu ya mawe mawili makubwa, moja mbele, moja nyuma. Katikati lilikuwa limeshuka kama kitanda kibovu. Kulirudisha kulihitaji kukata sakafu yote. Mwenyewe alilia, na sikuwa na neno la kumpa.

Ziwani maji hubeba boti kila mahali kwa usawa. Nchi kavu unabaki na sehemu chache tu za kulishikilia, kwa hiyo lazima uzichague.

Kwanza mkuku. Weka kipande cha mbao ngumu kila baada ya mita moja na nusu, kuanzia karibu na mbele hadi chini ya ubao wa nyuma unaoshika moteri. Vyote viwe kwenye mstari mmoja. Vuta uzi chini ya mkuku kutoka mwisho hadi mwisho, uone kama kuna mahali unaning'inia au unabanwa, kisha urekebishe kwa kabari. Boti likae sentimita 40 au zaidi kutoka ardhini, hewa ipite na uweze kuona chini yake.

Mbele pawe juu kuliko nyuma, kwa upana wa kiganja angalau. Maji yoyote yatakayoingia yatembee yenyewe hadi kwenye tundu la kizibo.

Ndipo zije nguzo za ubavu, tatu kila upande. Kazi yake ni kuzuia boti lisilale, si kubeba uzito. Ziweke pale ambapo ndani kuna taruma au ukuta, kamwe si katikati ya ubao mtupu. Kati ya nguzo na boti weka kipande cha tairi. Nguzo ya kushoto na ya kulia ziunganishwe kwa mbao au kamba chini ya boti zisiteleze kwenda nje.

Ukitumia matofali ya simenti yenye matundu, matundu yatazame juu, na ubao mpana uwe juu yake. Tofali lililolazwa ubavu hupasuka bila taarifa.

Sasa fungua kizibo cha nyuma. Kifunge kwa uzi kwenye ufunguo wa moteri au kwenye usukani, na uandike daftarini kiko wapi.

Umefaulu ikiwa: nguzo ya ubavu haitikisiki kwa mkono lakini ukuta wa boti haujabonyea hapo, na ndoo ya maji uliyomwaga ndani imetoka yote kwa tundu la nyuma. Nikiona tone limebaki katikati, napandisha mbele zaidi. Siendelei na hatua nyingine kabla ya hapo.

## Hatua ya 6: Moteri

Isibaki kwenye boti. Wezi ni sababu ya kwanza, na uzito wake kwenye ubao wa nyuma ni ya pili.

Anza na guu la chini moteri ikiwa bado na joto. Fungua skrubu ya chini kisha ya juu, oili ya gia ishuke kwenye chupa wazi, uitazame. Ikiwa nyeusi, ni uzee tu. Ikiwa na rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa, maji yameingia, na sili inayozuia maji kwenye mhimili wa elisi (propela) imekwisha. Usiseme utaitengeneza wakati wa kurudi. Maji yakikaa miezi sita kati ya meno ya gia, kutu itakula beringi, na beringi ina bei kubwa kuliko sili mara nyingi.

Kujaza oili mpya huanzia tundu la chini, ukisukuma mpaka itokeze tundu la juu bila mapovu. Ukijaza kutoka juu hewa inabaki ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe mpira wa chini na kufunga upesi. Weka washa mpya zote mbili.

Elisi itoke. Mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejizungusha nyuma yake, na uzi huo ndio unaokata sili. Paka grisi kwenye mhimili kabla ya kuirudisha.

Kisha karabureta. Ulishaiacha moteri ijizimie, lakini chini ya kila bakuli la karabureta hubaki kijiko cha esansi. Fungua skrubu yake ndogo ya chini, imwagike kwenye kopo. Esansi iliyokaa miezi hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vitundu vyembamba kuliko sindano. Moteri nyingi ninazoletewa Septemba "zimekufa" hazina ugonjwa mwingine.

Mwisho silinda. Toa buji. Zikiwa nyeusi kidogo usiogope; kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, na karabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari humwaga esansi kuzidi hewa. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye kila silinda. Chomoa kamba ya usalama ya kuzimia, kisha vuta kamba ya kuwashia polepole mara tano au sita ili oili ipake ukuta wote. Rudisha buji kwa mkono kwanza, kaza kidogo kwa spana.

Onyo: usivute kamba ya kuwashia huku nyaya za buji zinaning'inia karibu na esansi. Cheche moja inatosha.

Mwenye moteri yenye oili yake peke yake, kama ya gari, afanye na vidanji, yaani abadilishe oili, sasa, si wakati wa kurudi. Oili iliyotumika ina asidi, na asidi haipumziki.

Isimamishe wima kwenye fremu ya mbao, maji yote ya kupozea yadondoke. Ikibidi ilale, kichwa kiwe juu kuliko elisi, na ifuate ubavu unaoonyeshwa na kitabu chake. Usiizungushie plastiki, itatoa jasho. Shuka kuukuu inatosha.

Oili chafu usiimwage ufukweni. Mita chache kutoka hapo kuna mama anachota maji ya kupika kwa bidoni. Irudishe kwa fundi au kwa wanaoipaka kwenye nguzo za ua.

Umefaulu ikiwa: kesho yake chini ya guu la moteri hakuna tone la oili, na ukizungusha elisi kwa mkono inakwenda laini, bila kukwaruza.

## Hatua ya 7: Esansi, betri na vitu vidogo

Esansi iliyobaki kwenye tangi la boti itoe yote, uitumie kwenye piki au jenereta ikiwa haina oili. Iliyochanganywa oili mpe jirani anayesafiri wiki hii. Nyonya kwa mpira wenye pampu. Nimeona vijana wakinyonya kwa mdomo. Esansi ikiingia kwenye mapafu ni hospitali. Tangi tupu lifunguliwe, likauke nje kabisa, mbali na jiko na sigara, kisha lifungwe.

Betri: fungua waya wa kutoa kwanza, ndipo wa kujumlisha. Futa ncha zake, paka grisi, uichaji ijae. Ikitulia saa kadhaa, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6. Ichaji tena kila mwezi. Betri iliyoachwa tupu hugandamana ndani na haitarudi. Wakati wa kuchaji dirisha liwe wazi, maana gesi yake hulipuka.

Maboya ya kujiokolea yaoshwe, yakauke kivulini, yatundikwe nyumbani. Yakibaki botini panya hutengeneza viota humo. Lile lililopasuka au linalobaki limebonyea ukilikanda, liondoe kabisa. Usimpe mtu maskini akafikiri linaelea.

Andika namba ya moteri daftarini, ipige picha, na weka karatasi zote za boti nyumbani.

## Hatua ya 8: Mbao na faiba haziombi dawa moja

Mzee mmoja wa kisiwa cha Idjwi aliyenifundisha alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ubao ni tumbo, usiulishe sana, usiushindishe njaa." Nilichukua miaka kumwelewa.

Ubao unaolowa na kukauka nusunusu, bila hewa, huota kuvu na kuoza. Ubao unaochomwa na jua moja kwa moja husinyaa, maungio hufunguka, pamba iliyojazwa humo kuzuia maji hutoka. Kwa hiyo boti la mbao lipate kivuli na hewa, lisipate tanuri. Likikauka juujuu baada ya wiki mbili, paka rangi chini na ubavuni. Rangi hupunguza kasi ya kukauka.

Na sasa kosa ninaloliona kila msimu. Mtu anaona maungio yamefunguka Agosti, anachukua resini au simenti, anajaza kila ufa mpaka boti linang'aa. Likirudi majini mbao zinavimba, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka misumari inang'oka au taruma inapasuka. Ufa wa ukavu usiujaze kwa kitu kigumu. Jaza tu pale pamba ya zamani imeoza, kwa pamba mpya iliyosukumwa kwa upole na mastiki laini juu yake. Ufa uliobaki maji yataufunga.

Faiba haisinyai, ila mkwaruzo uliovuka rangi hadi kwenye nyuzi hunywa maji. Iache ikauke wiki tatu au nne kabla ya kuziba kwa resini. Ukiziba mapema unafungia maji ndani, na baadaye ngozi hutoa malengelenge.

## Hatua ya 9: Funika bila kulinyonga

Bashi iliyotandazwa moja kwa moja juu ya boti ni beseni. Ikibonyea mita 2 kwa mita 1, kina sentimita 10, imebeba lita 200, yaani kilo 200. Siku itakapochanika zote zinaingia ndani.

Funga mti wa mgongo kutoka mbele hadi nyuma, juu kama mita moja kutoka ukingo wa boti, bashi ianguke pande zote kama paa la nyumba. Mteremko uwe mkali ili na majivu ya Nyiragongo yateleze na mvua. Ncha mbili za mbele na nyuma ziache wazi, hewa iingie huku itokee kule. Pale bashi inapogusa pembe, weka kitambaa.

Onyo: usifunge bashi kwenye nguzo za ubavu. Upepo wa mvua ukiibeba, inang'oa nguzo, na boti linalala juu ya mtu au juu ya ukuta wa jirani. Ifunge kwenye boti lenyewe kwa kupitisha mipira chini ya mkuku, au kwenye mawe mazito yaliyo mbali na nguzo. Mpira wa chemba hunyumbuka na upepo. Kamba ya nailoni hukata matundu ya bashi.

Umefaulu ikiwa: ukiingiza mkono chini ya bashi asubuhi, upande wa ndani ni mkavu. Upande huo ukiwa na jasho, ongeza uwazi.

## Hatua ya 10: Litembelee

Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya mvua kubwa au tetemeko. Goma ardhi hutikisika, na kabari hulegea bila mtu kujua. Baada ya tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipomwaga moto na ardhi ikatetemeka siku nyingi, mji ulihamishwa watu, na tuliorudi tulikuta nguzo nyingi za maboti zimelegea.

Kaza kabari. Tazama tundu la nyuma kama halijazibwa na majani au kiota cha nyigu. Tikisa bashi. Chaji betri. Zungusha elisi kwa mkono mara kadhaa ili oili ifike juu ya gia. Andika tarehe. Mlinzi umwonyeshe haya kwa vitendo na umlipe kwa kazi hiyo, maana mlinzi asiyejua kwa nini tundu liko wazi atalifunga kwa nia njema.

## Hatua ya 11: Kurudi majini

Panga wiki moja. Kwa boti la mbao, siku tatu kabla tandika magunia yaliyolowa ndani, juu ya mbao za chini, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Maungio yaanze kufunga kabla ziwa halijaligusa.

Kizibo. Kitafute pale daftari linaposema, ukitazame mpira wake, ukikaze kwa mkono wako mwenyewe. Usitume mtu.

Shusha asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Boti la mbao lifungwe mahali pa maji mafupi, mtu akilinda na ndoo ya kutolea maji. Siku ya kwanza litaingiza maji, na hilo si kosa. Siku ya pili yapungue, ya tatu yawe kidogo sana. Siku ya tatu likiingiza sawa na ya kwanza, ufa huo si wa ukavu: lipandishe tena, utafute.

Moteri iwashwe na esansi mpya, kutoka mahali unapopaamini. Ile ya chupa za barabarani huwezi kujua imechanganywa na nini. Itatoa moshi mwingi dakika za kwanza. Ni ile oili uliyomimina ndani ya silinda. Tazama maji ya kupozea yanatoka nyuma kwa nguvu. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Kile kipira chenye mabawa ndani ya pampu kimekauka au kimejikunja, na moteri itaungua kabla hujafika mbali.

Safari ya kwanza iwe ya nusu saa, karibu na ufuko, bila abiria na bila mzigo, kila mtu amevaa boya. Simama katikati, inua ubao wa sakafu, weka kiganja chini kati ya mataruma, uhisi kama maji yanaingia.